Prezida wa Kiwanja Cheusi

Papa Prezida alisema maisha yake yote kwamba Goma hakuna joto. Alisema hivyo wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limetanda mpaka ndani ya sahani, na alisema hivyo hata siku ile alipokuwa amepiga magoti akimpepea mzungu aliyezimia kwa jua. "Joto iko Uvira," alikuwa akisema, akimaanisha mji ule wa bondeni, kusini. "Hapa ni jua tu." Ukimwuliza tofauti ni nini, alikutazama kwa huruma na kubadilisha mazungumzo.

Alikuwa prezida wa kilabu cha petanki. Kwa asiyejua, petanki ni mchezo wa kurusha mipira ya chuma, mizito, kila mtu akijaribu kuusogeza wake karibu na kijipira kidogo cha mbao kilichotupwa mbele. Hakuna mbio wala kelele, na mtu anaweza kuucheza akiwa na tai shingoni, jambo ambalo yeye alilifanya kila Jumamosi. Mimi nilikuwa sekretere wa kilabu. Sikuomba. Chumba changu cha ushonaji kilikuwa ng'ambo ya njia, nilikuwa na meza, kalamu na mwandiko unaosomeka, basi siku moja akaja akaniambia nimechaguliwa. Nilimwuliza nani kanichagua. Akasema kilabu. Wakati huo kilabu kilikuwa yeye na mipira sita iliyoachwa na mzungu mmoja mfanyabiashara wa kahawa.

Cheo chake kilimletea matatizo. Katika miaka niliyokaa jirani naye, Goma ilipata wenyewe wengi. Waasi waliingia, wakawa serikali, serikali ikarudi, waasi wengine wakaja na jina jipya na buti zilezile. Najua habari hizo kwa upande wa kitambaa, maana nilishona bendera mbili ambazo hazikuwahi kupandishwa. Wakati wote huo yeye aliendelea kuitwa Prezida, asubuhi na jioni, kwa sauti, na kila mtu aliyepita njiani.

Siku moja, waasi wakiwa ndio serikali, alisimamishwa kwenye kizuizi karibu na kambi ya Katindo. Alikuwa na mfuko begani. Askari aliupapasa, akakuta chuma cha mviringo, tena sita, akaamuru kila mtu alale chini. Papa Prezida alilala na tai yake, akaeleza kwamba hiyo ni mipira tu. Askari akajibu kwamba mpira wa chuma haujawahi kuonekana. Wakati huohuo jirani mmoja, mtu mwema asiye na akili nyingi, akapita na kumsalimu: Prezida, kuna nini? Basi wakampeleka kwa mkubwa wao aeleze yeye ni prezida wa nini. Alikaa huko mpaka alasiri. Aliporudi, alirudi na askari wawili, ambao hawakuwa wanamlinda bali wanataka kujiunga. Mmoja wao alicheza nasi mpaka siku upande wake ulipofukuzwa mjini. Alikuja kuaga asubuhi, akarudisha mpira mmoja aliokuwa ameazima, akaomba radhi kwa haraka yake. Papa Prezida aliniambia nimwandike kwenye daftari kama mwanachama asiyekuwepo kwa ruhusa, na nikamwandika.

Alikuwa mtu wa kukataa. Ukileta ombi, jibu lilitoka kabla hujamaliza kulisema. Watu wa maombi walitaka kukesha pale kiwanjani, akakataa. Mama mmoja alitaka kuanika muhogo wake siku mbili tu, akakataa. Bwana harusi, mtoto wa dada yake mwenyewe, akakataliwa. Hata mbuzi hawakupona: aliwafukuza kwa jina la mwenye mbuzi, ili mwenyewe asikie. Halafu jioni ungemkuta kwa yule mama wa muhogo, amebeba gunia lake mpaka nyumbani, anamshauri aanike juu ya paa. Watu walisema ana kichwa ngumu. Mimi nilisema mabaya zaidi, kwa sababu mashati yake nilikuwa naweka viraka bure na bado alikuwa anakagua mshono.

Nilichelewa kuelewa. Kiwanja kile hakikuwa cha mchezo. Kilikuwa parsele yake, pale nyumba yake iliposimama kabla ya lava. Lava ya kwanza, ule uji wa moto wa volkano, ilipita juu yake mchana watu wakitazama, ikaingia mlango wa mbele na haikutoka. Mwamba ulipopoa, watu walirudi na kamba, kila mmoja akitafuta jiko lake lilikuwa wapi. Yeye alivuta mstari kutoka mnara wa kanisa, akavuta mwingine kutoka kona ya ghala la kahawa, akasimama pale mistari ilipokutana, akasema hapa ni barazani kwangu. Wenye mbao walijenga haraka juu ya mawe. Yeye hakuwa na mbao. Na katika Goma kila mtu anajua parsele isiyo na watu inapata mwenyewe mwingine. Basi alichukua nyundo, akapiga lava miezi minne mpaka ikawa sawasawa, akamwaga changarawe nyeusi juu, akasimika kibao, akaanzisha kilabu. Watu wakasema muzee amechanganyikiwa na majonzi. Kumbe alikuwa amekalia mali yake kwa njia pekee aliyoiweza.

Alipanga chumba kimoja mtaa wa Majengo, kwenye ua wenye milango tisa na bomba moja. Mke wake aliugua wakiwa humo, akapelekwa Bukavu kwa binti yao, akafia huko bila kuona nyumba nyingine. Papa Prezida hakuwa mtu wa kusimulia mambo hayo. Aliwahi kuniambia mara moja tu, nikimpima suruali, kwamba alimwahidi yule mke wake chumba kimoja cha mbao, dirisha likitazama ziwa, na kwamba yeye mwenyewe hataki kufia kwa mutu. Niliendelea kupima. Tangu siku hiyo niliacha kumsema vibaya, isipokuwa kuhusu ukaguzi wa mshono.

Mbao alizikusanya mara mbili. Za kwanza ziliondoka na jeshi moja, za pili ziliondoka na jeshi lililolifukuza lile la kwanza. Alisema kwa upande wa mbao hakuona tofauti ya siasa. Kisha akaja komanda mmoja, sitasema wa upande gani kwa sababu aliwahi kuwa wa pande tatu, akaipenda parsele ile kwa kuegesha malori yake. Alituma watu mara ya kwanza, akaja mwenyewe mara ya pili. Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, akamwita Papa Prezida na kumweleza kwa upole kwamba ardhi ambayo haijajengwa na haitumiki inaweza kupewa mtu mwingine, sheria ndivyo ilivyo. Ila shefu akiona kwa macho yake kwamba inatumika, kweli inatumika, ataandika karatasi na kupiga muhuri, na komanda atatafuta pengine.

Ndipo ikaja barua kutoka Finlandi.

Aliyeiandika alikuwa injinia wa maji. Baada ya lava alifanya kazi kwetu mwaka mzima akituwekea mabomba, na kila Jumamosi alicheza nasi. Sasa amestaafu, ana kilabu chake huko kwao, na anataka kuja na wenzake watatu tucheze mechi ya kirafiki. Kilikuwa kipindi ambacho waasi walikuwa wameondoka mjini na wengine walikuwa bado hawajafika, kwa hiyo tuliwajibu karibuni. Papa Prezida aliisoma barua ile amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaenda moja kwa moja kwa shefu. Akarudi na mpango kamili. Shefu atakuja Jumamosi saa sita, akitoka kusimamia salongo, ile kazi ya kusafisha mitaa, na atakuja na muhuri mfukoni. Atakuta timu ya ng'ambo inacheza. Atatia sahihi palepale.

"Saa sita kamili," aliniambia. "Si Keshero, si kwa hoteli, si pembeni ya ziwa. Hapa."

Kisha akaanza kuandaa mapokezi, na hapo ndipo tulipokosea, mimi nikiwemo. Alikwenda kwa padri mmoja kuuliza Finlandi ni mahali gani. Padri akamwambia huko ziwa linaganda mpaka watu wanatembea juu yake na magari yao. Alirudi akasema: maskini ya Mungu. Akahitimisha kwamba watu walioteseka na baridi namna hiyo tangu kuzaliwa, heshima ya kwanza ya kuwapa ni moto. Sisi wenyewe asubuhi za Goma tunavaa sweta, na mgeni akija tunampa mahali penye jua ili asitetemeke. Basi akaamuru viti vya wageni viwekwe katikati ya kiwanja, penye jua, na sisi wenyeji tuvumilie kivuli cha ukuta wa ghala. Akaagiza chai ya maziwa ya Masisi yenye tangawizi nyingi, ya moto sana. Akaweka mbabula mbili za makaa karibu na viti, endapo upepo wa ziwa ungewasumbua. Na mimi akanituma nishone makoti manne ya kilabu.

Nilimwambia Papa, labda watasikia joto. Akanitazama kwa ile huruma yake. Joto iko Uvira. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatia bitana.

Walifika saa tatu na nusu. Injinia alikuwa mwembamba kama zamani, ndevu zimekuwa nyeupe. Alikuja na mama mmoja mrefu, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo. Na bwana mnene mchangamfu, aliyekuwa dereva wa basi. Na wa nne alikuwa na kamera na sikumsikia akisema neno siku nzima. Watu wa nchi ya baridi wana adabu sana. Tuliwavika makoti, wakashukuru. Tuliwakalisha juani, wakashukuru. Walikunywa chai ya moto kati ya mbabula mbili, juu ya mawe meusi, na walipoanza kutokwa na jasho Papa Prezida alifurahi, akawamiminia ya pili.

"Wanaanza kufunguka," aliniambia.

Mtu ambaye hajasimama juu ya lava hawezi kuelewa. Hewa ya Goma ni nzuri, hata mimi nasema hivyo. Lakini lile jiwe jeusi linakula jua tangu asubuhi, na kufikia saa nne linaanza kulitapika. Linakuchoma kutoka chini, ndani ya suruali. Papa Prezida alikuwa ameing'arisha mipira usiku uliotangulia na kuipanga juu ya mawe kwa mstari ili ing'ae wageni wakiingia. Mama mrefu aliinama, akaokota mmoja, akauachia palepale na kusema neno la kwao ambalo halikuhitaji mkalimani. Alikuwa na alama nyekundu kiganjani, nikammwagia maji. Alicheka, akasema si kitu, ila macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Mechi ilianza saa nne na nusu. Saa tano akaja mjumbe kutoka kwa shefu: salongo imeongezwa muda, kuna mtaro umeziba, shefu atachelewa kidogo. Wakati huo uso wa dereva wa basi ulikuwa na rangi ya nyanya na injinia alikuwa amenivuta pembeni. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha zamani kama tunaweza kumalizia Keshero, chini ya miti, karibu na maji, kwa sababu wenzake wanaumia. Nilipeleka ujumbe. Papa Prezida alitabasamu, akasema programu haibadilishwi. Kisha akageuka kutazama njia. Mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Lakini hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na macho. Mbabula zikazimwa. Mipira ikatiwa kwenye beseni la maji. Makoti akawa ameyasahau, na wageni hawakutaka kutuvunjia heshima kwa kuyavua. Alituma watu parokiani, wakarudi na mama wanane wa kwaya na miamvuli yao, ile ya zambarau wanayoitumia siku za maaskofu. Kila mchezaji akapewa mama mmoja. Mgeni alipokwenda kurusha, mama alikwenda naye na mwamvuli, akasimama naye, akarudi naye. Papa Prezida aliongoza kutoka katikati, tai imelowa, akielekeza mwamvuli huu upande wa kushoto, ule urudi nyuma. Baada ya muda mama wa kwaya walianza kutoa ushauri wa namna ya kurusha. Mmoja aliomba ajaribu, akawashinda wote, na ikabidi tumwombe arudi kwenye mwamvuli wake kwa sababu hakuwa kwenye orodha.

Nakiri niliona aibu siku ile, na bado nilikuwa natazama njia kila dakika. Nilimtaka shefu afike. Saa sita ikafika. Ikapita.

Dereva wa basi alipiga magoti karibu na kijipira cha mbao, tukadhani anapima umbali. Tukasubiri. Akalala kifudifudi, tukadhani anapima vizuri zaidi, na mama mmoja wa kwaya akasifu umakini wake. Ni Papa Prezida aliyekimbia kwanza. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia, hata siku za mabomu alitembea. Alimgeuza, akaanza kufungua koti, na vifungo vyangu vilikuwa vimeshonwa imara, kimoja tulikikata kwa mkasi. Alivua tai yake, akaichovya kwenye beseni la mipira, akamwekea kwenye paji la uso. Akampepea na daftari la kilabu. "Hii si joto, papa," akamwambia yule bwana kwa Kiswahili, taratibu. "Ni jua tu. Itapita." Bwana alifungua jicho moja, akalifunga tena.

Papa Prezida akasimama. Alitazama njia ambayo shefu angetokea, akamtazama mtu yule chini. Hakutazama kwa muda mrefu. Akasema mechi imesimama, twende ziwani.

Nilimshika mkono. Nikamkumbusha shefu, nikamkumbusha karatasi, nikamkumbusha malori ya komanda. Nilisema kwa ukali, kwa sababu niliona miaka yake yote inashuka na mtu mmoja mnene ambaye hata jina lake sikuwa nimelishika.

"Sekretere," akaniambia, "huyu akifia kwa parsele yangu, mi nitajenga nyumba juu ya nani?"

Wakamlaza juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea viazi, wakamfunika kitenge chenye maji, na wanaume wanne wakaisukuma kuteremka kuelekea ziwa Kivu. Injinia alikimbia pembeni akishika kichwa cha mwenzake, bwana wa kamera akakimbia nyuma. Papa Prezida alitangulia, akifukuza pikipiki njiani kwa mikono miwili. Hakugeuka kutazama kiwanja.

Tulibaki mimi, mama mrefu, mama wa kwaya na miamvuli minane. Nilikaa juu ya kiti cha wageni, nikaanza kulia kwa hasira. Mama mrefu akaja kunituliza, akidhani nalia kwa ajili ya dereva. Basi nikamwambia kweli. Nilimweleza kwa Kifaransa, ambacho yeye alikijua vibaya kama mimi, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nilimwonyesha chini ya miguu yetu, nikamwambia hapa kuna nyumba. Nikamwambia habari ya shefu, ya malori, ya mke aliyefia Bukavu, ya chumba cha mbao. Alisikiliza mpaka mwisho, uso unawaka.

Akaniuliza wachezaji wangapi wanatosha kuitwa mechi. Nikasema wawili.

Akavua koti langu la bitana, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akapiga magoti mbele ya beseni na kuzamisha kichwa chote mpaka mabega. Aliinuka maji yakimtiririka mpaka kwenye viatu, akachukua mpira, akanipa wa kwangu. Mimi ndiye mchezaji mbaya kuliko wote waliowahi kuandikwa kwenye daftari lile. Tulicheza. Kila baada ya zamu mbili alirudi kwenye beseni na kuzamisha kichwa tena. Nilimwomba apumzike, akatikisa kichwa. Mama wa kwaya waliacha mzaha wao. Walikusanya miamvuli yote minane juu yake peke yake na kutembea naye huku na huku, wakiimba polepole ili kupatanisha hatua.

Shefu alitokea saa saba na robo, buti zina tope la mtaro. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta. Akauliza wengine wako wapi, nikasema wako mapumziko ziwani. Akauliza nani anaongoza. Mama mrefu hakujua Kiswahili, lakini swali hilo linaeleweka kwa lugha yoyote, na yeye alikuwa amenishinda vibaya sana. Akaninyooshea mimi kidole. Shefu akafurahi kwa niaba ya taifa, akatoa kalamu, akaandika kwamba ameshuhudia kwa macho yake parsele inatumika, akaiweka karatasi juu ya kiti na kupiga muhuri. Nilipoipokea, jasho la mkono wangu liliuchafua muhuri pembeni kidogo.

Niliteremka na karatasi ile kwa miguu, nikikimbia na kusimama. Niliwakuta Keshero. Dereva wa basi alikuwa amekaa ndani ya ziwa, maji kifuani, anakula ndizi na kucheka. Papa Prezida alikuwa amesimama majini karibu naye, suruali imekunjwa mpaka magotini, amemshika mkono asije akateleza. Hakuthubutu kuuliza. Nilimnyooshea karatasi. Aliisoma humohumo ndani ya maji, mara mbili, midomo ikichezacheza, na akalia waziwazi, mbele ya wageni na mbele ya watu waliokuwa wanafua. Akasema ni jua, linaumiza macho likipiga juu ya ziwa. Nikasema ndiyo, Papa.

Karatasi ile ilifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Komanda alipeleka malori yake pengine. Waasi wengine walipoingia mjini, ofisi zikabadilika, wapya wakaitazama, wakaukwaruza muhuri kwa kucha, wakamrudishia. Lava ya pili ilipoteremka, tulikimbia wote kuelekea Sake, yeye akiwa ameificha ndani ya soksi. Tuliporudi, mwamba ulikuwa umesimama mbali na sisi, kiwanja kikiwa salama. Kilabu kilipungua. Mimi nilihamia Bukavu, macho yangu hayakuwa tena ya kutunga uzi. Alinipigia simu mwaka mmoja kabla ya vita kushuka tena kutoka milima ya Masisi. Alisema mbao zimetosha, zote ziko kiwanjani zimefunikwa, ataanza kiangazi. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, lakini alirudia mara tatu.

Nilirudi Goma njia zilipofunguka, kutazama kama chumba changu cha ushonaji bado kipo. Nilimkuta Majengo, kwenye ua wa milango tisa, amekaa nje ya mlango wake. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa, tai imefungwa vizuri. Nilimwuliza habari ya nyumba. Akasema twende, tutembee.

Tulikwenda taratibu, akipumzika kila baada ya kona. Kibao hakikuwepo. Kiwanja chote kilikuwa vibanda vya turubai, vimebanana, moshi unatoka huku na kule, nguo za watoto zimeanikwa juu ya mawe. Watu wa Masisi, familia kumi na moja, waliokimbia. Nilichungulia ndani ya kimoja. Chini walikuwa wametandika mbao mpya, nzuri, zilizorandwa. Nilijua mara moja ni mbao za nani.

Nilikasirika. Sikujizuia. Nilimwambia Papa, hawa hawatoki. Nilimwambia miaka yote ulifukuza hata mbuzi. Nilimwambia unafahamu vizuri kuliko mtu yeyote kwamba parsele hutaipata tena.

Alinieleza kama mtu anayeeleza matokeo ya mechi. Walifika asubuhi mvua inanyesha, na yeye alikuwa amesimama karibu na ukuta wa ghala na jibu lake tayari mdomoni. Mama mmoja mwenye watoto wawili hakumwomba ruhusa. Alimwomba tu asogee kidogo, kwa sababu alikuwa amesimama mahali pekee pakavu.

"Nikasogea," akasema.

Na mbao, nikamwuliza. Akasema lava inakata mugongo, mutoto hawezi kulala pale.

Tulisimama ukingoni mwa kiwanja. Nilikuwa nalia na yeye alikuwa anahesabu vibanda kwa kidole, akihakikisha havijapungua. Mwanamke mmoja kijana akatoka kwenye kibanda cha mbele na ndoo mkononi. Alikuwa amefika juzi tu, tuliambiwa baadaye, hakuwa anajua mtu. Akatuona wazee wawili tumesimama, akaweka ndoo chini, akatusalimu kwa heshima.

"Muzee, munatafuta nani hapa?"

Papa Prezida akanyoosha tai yake.

"Hapana, mama," akasema. "Tunapita tu."

Tukapita.